Mama wa Kilemba cha Kijani

Nyumba ya mwanangu Ogeto niliijenga mimi. Mabati nilinunua mimi kwa jasho la kushona sare za shule, na siku seremala alipoleta mlango nilisimama pale nikimkaripia kwamba bawaba zimepinda. Lakini tangu mwanangu aoe, yapata miaka sita, sijatia mguu ndani. Usishangae. Kwetu Wagusii, baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ndiyo ensoni, haya ya heshima, na mwenye kuivunja huonekana kama mtu aliyevua nguo sokoni. Mama huingia apendavyo, akafunua vyungu, akauliza kama chumvi ipo. Baba husimama uani, hukohoa, huita. Akiitikiwa, vyema. Asipoitikiwa, arudi alikotoka.

Mwaka huo wa tisini na sita mimi nilikuwa nikiita tangu mwezi wa tatu na siitikiwi.

Kosa lilikuwa langu. Leo nalisema, ila wakati ule ungenichinja nisikiri. Mke wangu Kemuma alifariki mwaka wa tisini na nne. Mwaka uliofuata ndugu walikusanyika nyumbani Birongo tulipotia saruji kaburi lake, na watu wakiwa wanakunywa chai, ule ukimya wa boma langu ukanipanda kichwani. Nikafungua mdomo mbele ya wote: "Nyumba isiyo na mtoto ni ghala tu." Nyamoita, mke wa mwanangu, alikuwa akipita na sufuria. Aliitua chini polepole, akaingia kwake. Ogeto akanitazama, akasema, "Tata, leo umemaliza maneno." Tata ndiye baba kwetu. Tangu siku ile hakuniongelesha tena. Salamu alinipa kwa kuinua kidevu tu, na mimi, mjeuri kama baba yangu, nikamjibu kwa kidevu vilevile.

Kemuma angekuwa hai angevuka ule ua mara moja, angeingia, angetoka na jibu. Ila Kemuma ndiye aliyekuwa chini ya saruji.

Basi mwezi wa tatu, Jumamosi moja, Sabato yetu, tukitoka kanisani, jirani yangu Persis akanivuta kando. Persis ana ulimi ambao haujawahi kupumzika hata siku ya mapumziko.

"Mzee Obadiah, kwako kuna nini? Nasikia vijana wamekosana, mmoja amefunga mzigo akaenda."

"Nani amekwambia?"

"Watu. Wewe huoni mlango umefungwa?"

Nilikuwa nauona. Nilijibu kwamba mambo ya watoto wangu si ya kuliwa na njugu, nikaondoka. Lakini moyoni nilishajua ni nani aliyefunga mzigo. Kwetu nyumba ikivunjika anayeondoka ni mwanamke. Hurudi kwao na kitambaa kichwani na mzigo mgongoni, na mwanamume hubaki na kuta. Nikajua basi kwamba Ogeto yumo mle peke yake, ameachwa, na aliyempalilia njia ya kuachwa ni mimi. Jioni ile nilisimama uani kwake nikaita hadi sauti ikakauka. Kimya. Moshi hakuna. Nikarudi kulala na njaa kwa hasira.

Siku za kazi nilikuwa mjini Kisii. Nilikuwa na chumba cha kupanga Nyanchwa, kitanda kimoja na jiko moja, na cherehani yangu ilikaa kibarazani mwa duka la vitambaa la Bwana Gopal. Miaka kumi na saba nimeshona pale. Yeye anauza kitambaa, mimi nakishona, mteja anatoka na suruali. Tulikuwa hatuzungumzi sana. "Fundi, pima huyu." "Bwana Gopal, uzi umeisha." Basi. Kisha mkewe Lalita akaenda Uingereza na watoto wao, Abhishek na Ruchi, waliokwenda kusoma, na ilikuwa iwe mwaka mmoja tu lakini mwaka ukawa miwili, na mwenye duka akaanza kunitazama saa za chakula cha mchana kana kwamba ana jambo.

Siku moja saa saba, alipokwisha kuteremsha mabati ya mlango, akanigusa bega.

"Fundi, kuja. Iko kitu nataka onyesha wewe."

Nyuma ya duka kulikuwa na chumba chenye televisheni na katoni. Ndani ya katoni mlikuwa na gemu ya Abhishek, kile kisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni, na kaseti yake moja ya njano iliyobaki. Nilicheka nikashika mbavu. Ala! Wazee wawili, mmoja ana mvi, mwingine hana hata hizo mvi, tukae chini tucheze mchezo wa watoto! Gopal hakucheka. Alinipa chapati yenye achari, akashika kile kidude chenye vitufe, akawasha.

Akatokea kijitu kidogo chenye kofia nyekundu na fimbo. Juu kulikuwa na mioyo mitano, na kila popo alipomgonga au alipoteleza mtoni, moyo mmoja ulizimika. Alitembea tu. Msitu, mto, daraja, msitu tena. Maandishi yalikuwa ya Kichina au ya Kijapani, hatukujua, na Gopal anayesoma lugha nne alikuwa mjinga sawa na mimi. Nikakaa pale natafuna chapati nikiona upuuzi mtupu. Kisha yule kijitu, amebakiwa na moyo mmoja, akafika kijiji chenye nyumba tatu, akaingia nyumba ya kwanza.

Hakukohoa wala kubisha. Aliingia tu.

Ndani kulikuwa na mama mnene mwenye kilemba cha kijani. Alimwona, akaenda mekoni, akarudi na bakuli, akaliweka mezani. Kijitu akala. Mioyo ikawaka mmoja baada ya mwingine. Kisha akalala, mama akamtandikia blanketi, kukawa na giza kidogo na kimuziki cha kubembeleza, halafu kukapambazuka. Alipotoka, yule mama alimfuata hadi mlangoni akasimama pale akipunga mkono mpaka mtu wake akapotea pembeni mwa televisheni. Hayo tu. Hakumdai kitu, hakumpa kazi ya kufanya, na ukimrudisha kijitu papo hapo, alimpokea upya kana kwamba hajamwona mwaka mzima.

"Anasema nini?" nikauliza, maana maandishi yalikuwa yametokea chini.

"Nasema 'beta'," akajibu Gopal. "'Beta, kula.' Beta ni mtoto yangu."

"Hapana. Anasema, 'Kula kwanza, maneno baadaye.'"

Nilisema hivyo bila kufikiri. Ni maneno ya Kemuma. Ndivyo alivyokuwa akiniambia kila Ijumaa nilipofika kutoka mjini na hasira zangu za wiki nzima. Machozi yakanijia, nikasingizia achari. Gopal akanipa maji.

Kuanzia hapo ikawa kila siku saa saba. Ubaya wa ile kaseti ni kwamba ukizima umeme, imesahau yote, na kesho unaanzia msitu wa kwanza. Kufika kwa mama wa kilemba kulituchukua dakika arobaini. Zilibaki dakika kumi na tano kabla ya kufungua duka, na hapo ndipo tulipogombana.

"Twende mlima," Gopal alikuwa akisema. "Nyuma ya kijiji iko mlima. Tukipita mbio, naweza fika."

"Mioyo imebaki miwili. Aende akale."

"Fundi, kila siku nakwenda kula! Kila siku nalala! Huyu mtu ni msafiri ama ni mgeni ya harusi?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Mwenyeji ni picha!"

"Basi na mlima wako ni picha!"

Tulinuniana siku mbili. Mimi nilishona, yeye alipima vitambaa, na mteja akibeba ujumbe kati yetu. Siku ya tatu akaja mwenyewe kibarazani, akakaa kwenye benchi la wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Jumapili simu ya Abhishek nakuja," akasema. "Nauliza, 'Papa, duka iko namna gani?' Mimi nasema mzuri. Nauliza yeye, 'Masomo?' Nasema mzuri. Halafu imekwisha, sisi wawili nasikiliza tu ile kelele ya waya. Mimi nafikiri, nikifika mlima, iko kitu ya kumwambia."

Nilijiona mbinafsi. Saa saba tulipowasha, nikamwambia apite mbio aende mlimani kwake. Alikimbia vizuri. Alipofika penye nyumba tatu akasita, akanitazama kwa pembe ya jicho, akamwingiza kijitu kwa yule mama.

"Leo njaa," akasema. Sijui alimsema nani.

Wiki hiyo ndipo lile wazo liliponishika, na ninaona aibu kidogo kukwambia lilitoka wapi. Nilikuwa nimefikiri sana juu ya maneno ya kumwambia Ogeto. Nilikuwa nimetunga hotuba nzima nikiwa kwenye cherehani, yenye mwanzo na mwisho na aya mbili za Biblia, lakini hotuba inahitaji mlango ulio wazi. Yule mama hakuwa na hotuba. Alikuwa na bakuli. Nikajiuliza, hivi mimi nashindwa na nini kuweka bakuli?

Nilishindwa na haya, ndiyo iliyokuwa ikinizuia. Mwanamume wa Kigusii mwenye umri wangu hakai mekoni. Mjini chumbani kwangu nilijipikia, ndiyo, ila mjini hakuna anayekujua. Nyumbani hata kuni sikuwahi kuchochea mbele ya watu. Hata hivyo Ijumaa iliyofuata niliondoka mjini saa nane, nikafika jua likiwa bado juu, nikasonga ugali wa wimbi na kupika chinsaga, ile mboga yetu chungu, kwa maziwa. Ilibidi niwahi, kwa maana Sabato huingia jua linapozama na moto haukokwi tena. Moshi ulinipofusha. Chinsaga iliungua chini. Persis alipita njiani, akasimama, akaweka mkono kiunoni.

"Wacha wee! Mzee Obadiah umeolewa lini?"

"Pita, Persis."

"Tuletee na sisi!"

Nilimwambia neno ambalo halifai Ijumaa jioni. Nikafunika sahani kwa jani la mgomba, nikavuka ua, nikaiweka kwenye jiwe lililo chini ya mchirizi, hatua moja kutoka mlangoni kwa Ogeto. Zaidi ya hapo siruhusiwi. Nikakohoa. Sikuita, sikusema chochote. Nikarudi kwangu nikakaa na mgongo wangu ukinisumbua, nikasikiliza. Giza liliingia sijasikia kitu.

Asubuhi sahani ilikuwa kwenye lile jiwe, tupu. Tena ilikuwa imeoshwa, imesuguliwa kwa majivu mpaka naona pua yangu.

Jamani! Nilienda kanisani siku hiyo nikaimba hadi mzee wa kanisa akageuka. Mwanangu amekula! Ana hasira nami, hataki kuniona, lakini mkono wake umetoka, umechukua, umekula. Jumatatu sikungoja saa saba, nikamwambia Gopal habari zote za Ogeto na sahani kabla hajafungua kufuli.

"Amesema nini?"

"Hakusema. Ameosha sahani."

Gopal akafikiri. "Basi amesema," akanijibu, na siku hiyo hatukugombana juu ya mlima.

Nilifanya hivyo Ijumaa sita. Nilijifunza kuchemsha chinsaga isiungue. Nilianza kununua maharage mjini, na mara moja nyama, robo kilo. Kila Sabato sahani ilikuwa safi juu ya jiwe. Na si sahani pekee. Mahindi ya Ogeto yalikuwa yamepaliliwa, mistari imenyooka, nikajisemea, kumbe huyu mvivu alikuwa akingoja aachwe ndipo ashike jembe! Uani kwangu nako nilikuta pamefagiliwa. Nilimshukuru Persis kwa hilo, naye akanitazama kana kwamba nimerukwa na akili, nikadhani ni unyenyekevu, ingawa Persis na unyenyekevu hawajawahi kukutana.

Nilikuwa na furaha ya kipumbavu, ile ya mtu anayekunja nguo za mgeni ambaye hajafika. Nilianza kumwona akilini Ogeto akifungua mlango. Nilimwona amekonda, ndevu zimeota, akiniambia "Tata" tu, neno moja, na mimi nikimwambia kwamba maneno yale hayakuwa yangu, yalikuwa ya huzuni. Nilikuwa tayari kumwambia hivyo. Mtu aliyeishi miaka sitini bila kuomba msamaha, nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba msamaha nikipindua kola za mashati.

Ijumaa ya saba mvua ilinikuta. Mvua yetu ya Kisii haina mzaha, huja alasiri na kuondoka ikitaka. Nilipika nikiwa nimeloa, nikabeba sahani chini ya koti, nikavuka ua mbio kama mwizi wa kuku. Jiwe lilikuwa linamiminikiwa na maji ya bati. Nikiweka pale, chakula kinakuwa uji. Nikasimama chini ya mchirizi, karibu na mlango kuliko nilivyowahi kusimama, sahani mkononi, sijui niiweke wapi. Nikakohoa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kupika, nikaita.

"Ogeto. Mwanangu. Ni mimi. Mvua italowesha chakula."

Ndani kitu kikasogea. Nikasogeza sikio.

"Tata," sauti ikasema nyuma ya mlango.

Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Tata, Ogeto hayupo. Aliondoka mwezi wa pili. Alisema anakwenda Nyansiongo kutafuta kazi kwenye chai, nikamtuma mtu, akaambiwa alishapita kitambo. Hajaandika." Akaendelea upesi kana kwamba akikoma atashindwa. "Najua chakula hiki ni chake. Siku ya kwanza nilikitazama mpaka giza. Kisha nikala, kwa sababu nilikuwa na njaa. Na Ijumaa nyingine nikala tena. Nilitaka kukwambia, nikaogopa utasema niende. Nimekula cha mtu mwingine, tata. Mzigo nimeshafunga. Kesho kutwa nitakwenda kwetu."

Nitakwambia ukweli, kwa maana hata mimi nilijishangaa. Jambo la kwanza kunijia lilikuwa hasira. Ijumaa sita! Moshi, kejeli za Persis, robo kilo ya nyama, yote yaliingia tumboni mwa yule niliyemwita ghala mbele ya ukoo. Nikawa nauwazia mlango ule maneno mabaya. Kisha hasira ikaisha ghafla na chini yake palikuwa na jambo lenyewe, kwamba mwanangu ameondoka, na kwamba kwa miezi mitatu nimekuwa nikiita nyumba ambayo hamkuwa na mtu wa kuniita baba kwa damu. Ameniacha bila kuniaga. Popote alipo, hajui kama najuta. Nililia. Nililia kwa sauti, mvua ikinisaidia, na yule binti nyuma ya mlango akanisikia, kwa maana bati halifichi kitu.

Hakusema pole. Alingoja. Na katika kungoja huko nikaelewa mambo ya kawaida kabisa, ambayo mtoto wa shule angeyaelewa: nani amepalilia mahindi, nani amefagia uani kwangu kila Ijumaa asubuhi kabla sijafika, halafu akajifungia ndani bila moto ili nisijue yupo. Miezi mitatu amekaa mita ishirini kutoka kwangu, ameachwa, hana wa kumwambia, ananiogopa mimi.

"Umekula leo?" nikamuuliza.

"Bado."

"Chumvi imezidi kidogo."

"Imezidi tangu mwanzo, tata."

Nilitaka kucheka, kikatoka kitu kingine. Nikainama, nikasukuma sahani hadi kizingitini penyewe, mahali pakavu, mkono wangu ukavuka mstari ambao haujawahi kuvuka. Kisha nikarudi nyuma hatua tatu mvuani na kuupa mlango mgongo, maana mkwe hawezi kufungua akitazamwa. Nilisikia komeo likivutwa. Nilisikia bawaba zikilia, kwa kuwa zilikuwa zimepinda kweli na yule seremala alinibishia bure. Mlango niliouomba ufunguke miezi mitatu ulifunguka nyuma yangu.

"Fungua huo mzigo," nikasema, bado naitazama migomba. "Jumapili kuna mahindi ya kwangu ya kupalilia, na mimi peke yangu siwezi."

Nilimsikia akila.